Mama Hakukutaja

Jumanne, 14 Oktoba 2025. Matiliku

Nimerudi nyumbani baada ya siku thelathini na mbili hospitalini Nairobi. Daktari Kaluki amenipa daftari niandike joto la mwili asubuhi na jioni, nilichokula, na kama nimetapika. Joto: 36.8. Nilichokula: uji. Sijatapika. Kurasa ni nyingi kuliko maneno anayoyataka, na mtu aliyefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili hawezi kuacha kurasa tupu. Nitaandika na mengine. Hayo hatayasoma.

Nina umri wa miaka arobaini na saba na nina lukemia, saratani ya damu, ile inayokwenda mbio. Mwezi wa nane nilikuwa nasahihisha insha. Mwezi wa tisa fizi zilianza kuvuja damu, miguu ikatoka madoadoa, na kabla sijamaliza kusahihisha nilikuwa kitandani na sindano kifuani. Kemo ya kwanza ilikuwa siku saba. Siku tatu kati ya hizo walinitilia dawa nyekundu kama sharubati. Nywele zilianguka wiki ya tatu. Mume wangu, Gedion, alizikuta kwenye mto akaanza kulia. Nilimwambia akalilie nje.

Leo uani walikuwa wanawake kumi na mmoja wa kanisani. Walinitazama nikishuka kwenye gari kama watu wanaokagua ng'ombe wa mnada. Kalekye, mwenyekiti wao, akasema napendeza. Mwanamke asiye na nyusi hapendezi. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Alhamisi, 16 Oktoba

36.6. Uji. Mawingu yanapita tu, hayana kazi na sisi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Daktari Kaluki amepiga simu. Kemo imefanya kazi yake, seli mbaya hazionekani kwa sasa. Lakini kwa aina yangu zitarudi, karibu kwa hakika, na zikirudi zitarudi na hasira. Njia iliyopo ni kunipa kemo nyingine ya kuzishikilia, halafu kuua uboho wangu wote, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na kunitia wa mtu mwingine. Mtu huyo atafutwe kwanza kwa ndugu. Akauliza nina ndugu wangapi wa baba mmoja mama mmoja. Nikasema mmoja.

Simu ilikuwa kwenye spika. Gedion, aliyekuwa anachambua maharagwe, akasema bila kuinua kichwa, "Wawili, daktari."

Sikumsemesha hadi chakula cha jioni.

Wa kwanza ni Ndululu, kitinda mimba, dereva wa lori. Wa pili ni Kavata. Namzidi kwa miaka minne. Miaka kumi na tisa iliyopita aliolewa na Haroun, mwenye duka la vitambaa katika mji wa Kwa Vonza, akasilimu, na kitambulisho chake kikaandikwa Nasreen. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikufa bila kulitamka tena jina la Kavata. Mama alimsamehe katika wiki ya kwanza, na hilo ndilo ambalo mimi sikumsamehe mama.

Sijaongea na Kavata tangu siku tulipomzika mama kule Kanyangi. Miaka sita sasa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Redioni wanaimba. Ndululu amekwenda Nairobi kutolewa damu ya kupimwa. Amenipigia simu akisema uboho wake ni wa bure na umejaa mpaka juu. 36.9. Ndizi moja, nikaitapika.

Ijumaa, 31 Oktoba

Majibu ya damu yametoka: Ndululu hafanani nami hata kidogo. Hata nusu hana. Daktari amesema hutokea, mmoja katika kila ndugu wanne. Angekuwa mwanangu angefanana nami nusu, akasema. Sina mwana. Gedion alitoka nje akaenda kutazama ghala lisilo na kitu.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua imefika saa nane mchana, na kwa kuwa ilichelewa ilikuja kama mtu anayegombana. Watu wote wako shambani. Harufu ya udongo iliingia chumbani nikatapika. Kabla ya ugonjwa niliipenda.

Jumatano, 5 Novemba

Jumatatu Gedion aliniambia anakwenda kutafuta mbegu ya ndengu. Alirudi na mbegu, kweli, lakini mbegu hiyo inauzwa hapa hapa Matiliku na yeye alirudi jioni akiwa na vumbi la safari. Nimemwacha siku mbili aungue na siri yake. Leo akasema. Alikwenda Kwa Vonza.

Nilimuuliza Gedion, Kavata alisema nini. Alisema sawa. Nikauliza kama hakutaka kujua lolote kwanza.

"Aliuliza hospitali ni ipi na afike saa ngapi," Gedion akajibu.

Ningependelea akatae. Mtu akikataa unajua amesimama wapi. Huyu amekubali kama anayeombwa chumvi na jirani, na sasa nitalazimika kushukuru. Tangu utoto alikuwa hivyo. Mimi nilichota maji, yeye alimpelekea mama kikombe, na mama alimshukuru aliyeshika kikombe.

Jumatatu, 10 Novemba. Nairobi

Kemo ya pili imeanza. Mwanamke wa kitanda cha pili anaimba.

Jumatano, 12 Novemba

Anaimba bado.

Jumamosi, 15 Novemba

Dripu ya mwisho. Mkono umevimba. Macho yanawasha, wananitia matone. Yule mwanamke hakuimba leo na kitanda chake kimetandikwa upya. Sikuuliza.

Jumanne, 25 Novemba. Matiliku

Kavata anafanana nami kumi kwa kumi. Daktari Kaluki alikuwa na furaha kiasi cha kusema tumbo moja limetupiga chapa moja. Gedion alipiga magoti palepale jikoni. Mimi niliketi nikatazama mvua, inayonyesha siku ya nne, na nikatambua kwamba katika watu wote waliomo humu duniani, anayeweza kuniokoa ni yule mmoja ambaye sitaki aniokoe.

Jumamosi, 29 Novemba

Amekuja.

Alifika saa tano na baibui lake na barakoa usoni. Alinawa mikono hadi viwiko kabla ya mtu kumwambia, akasimama mlangoni pa chumba changu, hakuingia hadi nilipoashiria. Amenenepa. Amezaa wanne. Aliniamkia kwa Kikamba, akaniita mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, kama dada zetu wa kijijini wanavyoitana. Nilimwitikia kwa Kiswahili.

Alikuwa amebeba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe mpaka yakalainika, akampa Gedion aupashe moto tena mpaka utokote, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba mgonjwa wa kemo hali chakula kilicholala. Nilikula vijiko sita. Sijala vijiko sita vya kitu chochote tangu mwezi wa tisa, na hili pia lilinikera.

Basi akatoka, akakunja baibui, akafunga leso kiunoni, akachukua jembe la Gedion na kuingia katika ndengu. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Kutoka dirishani nilimwona akipalilia mstari hadi mwisho bila kuinuka, halafu mwingine. Gedion alimfuata nyuma akitingisha udongo kwenye mizizi. Walikuwa wanaongea. Nilisikia Gedion akicheka, na nikajiuliza mara ya mwisho alicheka lini nyumbani kwangu.

Kabla ya kuondoka alikuja tena mlangoni.

"Mwongeli," akasema, "mwaitu alikufa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Alikuwa na maumivu?"

Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda. Mwaitu ni mama. Hajaniuliza lingine, kwa sababu lingine aliniuliza siku ya maziko. Alikuja Kanyangi mbio, kaburi limeshachimbwa, akanishika mkono mbele ya watu akitaka kujua kama mama alimtaja mwishoni. Nilimjibu: mama hakukutaja.

Alhamisi, 4 Desemba

Wazee wawili wa kanisa wamekuja na Kalekye. Walizunguka mno. Kumbe wanataka kujua kama hospitali haiwezi kutafuta mtu wa imani yetu, maana damu ni uhai na huyu dada ameshakwenda upande mwingine. Miaka kumi na tisa nimesema maneno mabaya zaidi ya hayo. Lakini kuyasikia katika kinywa cha Kalekye, huku anakula mkate wangu, kulinipandisha hasira. Niliwaambia kama kanisa lina uboho wa Kikristo uliokaa bure waulete Jumatatu kabla ya saa nne. Niliwaomba watoke kwa sababu wana mafua, ingawa hawakuwa na mafua.

Gedion aliosha vikombe akiutabasamia ukuta. Sikuwa namtetea Kavata. Nilikuwa nawachukia wao.

Jumanne, 9 Desemba

Ndengu zimetoa maua. 37.1.

Ijumaa, 12 Desemba. Hospitalini, mji wa Wote

Juzi joto lilipanda hadi 38.9. Gedion alinileta hapa akiwa amevaa shati kinyume. Chembe nyeupe za damu karibu hazikuwepo. Wananitia antibaiotiki. Leo ni 38.0, naweza kushika kalamu. Jana nilifikiri nakufa, na wakati huo hapakuwa na malaika wala wimbo, palikuwa na jambo moja tu ambalo sijamwambia mtu. Niliandike hapa.

Mama alikaa kwangu miaka mitano ya mwisho. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba. Mimi ndiye niliyemwosha. Nilimgeuza, nilimlisha, nilimfulia mashuka kabla ya kwenda darasani na baada ya kurudi. Novemba ile ya mvua kubwa, siku tatu kabla hajafa, aliacha kuniita jina langu. Aliita Kavata. Aliniomba nimpigie simu Kavata aje. Nilitoka na simu uani, nikasimama chini ya paa, nikarudi nikamwambia nimepiga na Kavata amekataa kuja.

Sikupiga.

Siku ya pili akaniomba tena, nikatoka tena, nikarudi na jibu lile lile. Siku ya tatu hakuomba. Aliuliza tu kama nina hakika, nikasema nina hakika.

Kwa hiyo nilimwambia mama kwamba bintiye hamtaki, na nikamwambia binti kwamba mama hamtaki, na nikarudi shuleni Jumatatu kufundisha methali.

Nilikuwa na sababu. Mimi ndiye niliyemwosha. Nikiisoma sentensi hiyo sasa, naona si sababu.

Alhamisi, 25 Desemba. Matiliku

Krismasi. Gedion kanisani. Mvua imekatika, ndengu zinakomaa. Kavata alipiga simu kunitakia heri. Nilimshukuru na kumwambia nimechoka. 36.7. Wali, nusu sahani.

Jumatatu, 5 Januari 2026. Nairobi

Chumba ni cha mtu mmoja, madirisha hayafunguki. Daktari Kaluki alituketisha sote watatu, mimi, Gedion na Kavata, akaeleza kwa utaratibu kama mtu anayesoma kanuni za mtihani. Kuanzia kesho, siku nne dawa moja, siku mbili dawa nyingine, siku moja ya kupumzika. Siku ya nane, yaani Jumanne tarehe kumi na tatu, Kavata atakaa kwenye mashine, atolewe seli, na mimi nitiwe siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo atadungwa sindano siku nne za kuzitoa seli kwenye mifupa ziingie katika damu.

"Dawa hizi zinaua uboho wako, na haurudi wenyewe," daktari akasema akinitazama, kisha akamtazama Kavata. "Tukishaanza, bila seli zako dada yako hawezi kuishi. Ukiwa na shaka yoyote, sema leo. Hakuna atakayekulaumu."

Kavata alichukua kalamu akatia sahihi. Nasreen Kavata, akaandika, yote mawili.

Nilikuwa na nafasi. Chumba kilikuwa kimya, na watu wote niliopaswa kuwaambia walikuwa mle ndani isipokuwa mmoja aliyeko Kanyangi. Nilinyamaza. Niandike hivyo hivyo bila mapambo: nilinyamaza kwa sababu nataka kuishi.

Jumanne, 6 Januari

Dripu ya kwanza. Hakuna kitu. Ladha ya bati mdomoni.

Jumatano, 7 Januari

Kavata anakaa kwenye vyumba vya wageni mkabala na hospitali. Huja saa nne, anavaa gauni na barakoa, anaketi kwenye kiti kigumu. Nimemwambia si lazima. Anasema anajua.

Alhamisi, 8 Januari

Nimetapika mara tisa. Alishika karai mara tisa. Hafumbi macho, hageuzi uso.

Ijumaa, 9 Januari

Amedungwa sindano ya kwanza. Aliniomba ruhusa akaenda kuswali, akarudi. Nikagundua kwamba saa ile aliyokuwa hayupo nilikuwa natazama mlango. Nilijichukia.

Jumamosi, 10 Januari

Dawa ya pili. Maji mengi mno, nakojoa kila nusu saa ili kibofu kisiungue. Kavata mgongo unamuuma kwa sindano, anasema ni kama uchungu wa uzazi wa yule wa kwanza. Hajui kuketi wala kusimama. Anaumwa kwa ajili yangu na hanilalamikii, na kila asiponilalamikia naona amenipiga kofi.

Jumapili, 11 Januari

Nitajaribu kuandika sawasawa.

Asubuhi dripu ya mwisho ya kemo iliisha. Uboho wangu umekufa, au unakufa. Gedion alikuwa ibadani. Nilikuwa na jasho, na Kavata aliketi nyuma yangu kitandani akinifuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Alianza kusema taratibu, kama mtu anayezungumza na mikono yake. Alisema kila Ijumaa humwombea mama. Alisema humaliza kwa kumwomba radhi, ingawa hajui hasa alimkosea nini kiasi cha kutomtaja. Halafu akasema angependa angalau siku moja angemfuta mama mgongo hivi.

Nikamwambia aache kunifuta.

"Alikutaja," nikasema.

Mkono wake ukabaki palepale.

"Alikuita siku tatu. Aliniomba nikupigie simu. Nilimwambia nimepiga na umekataa kuja. Sikupiga, Kavata."

Mashine ya dripu ilikuwa inahesabu matone ya maji. Kisha akazunguka kitanda akasimama mbele yangu ili nimwone, akashusha barakoa, jambo lisiloruhusiwa.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Sijui."

"Jumatatu ulinyamaza. Leo umeshamaliza dawa. Nikiondoka leo unakufa, na nitakuwa nimekuua mimi." Sauti yake haikupanda. "Umengoja mpaka nisiweze kuondoka."

Nilitaka kusema si hivyo. Nilifungua mdomo, na sikuwa na hakika kwamba si hivyo. Nilidhani nimesema kwa sababu sikuweza kuvumilia ule mkono. Lakini nilijua tarehe. Ninazijua tarehe zote, ninaziandika humu.

Alikisuuza kile kitambaa, akakikamua, akakitundika vizuri kwenye chuma cha kitanda. Akapandisha barakoa, akatoka.

Jumatatu, 12 Januari

Siku ya kupumzika. Saa nne imepita. Saa sita imepita. Muuguzi ameniuliza kama nimeongea na dada yangu, maana hajaonekana kwa sindano ya asubuhi na simu yake imezimwa. Saa nane daktari Kaluki alikuja mwenyewe. Alizungumza kwa upole sana, na hapo nikaogopa, kwa sababu yeye si mpole. Hawawezi kumlazimisha, akasema. Wanamtafuta.

Gedion alimpigia Haroun. Kavata hajafika Kwa Vonza. Gedion akaniuliza nimemfanya nini, nami nikamwambia yote, kuanzia uani chini ya paa.

Miaka ishirini na moja nimemwita Gedion, moyoni mwangu, mtu wa maji ya uvuguvugu. Leo aliniangalia nikaona sijamjua.

"Nilimshika mama mkono," akasema. "Nililala kwenye kiti kando yake. Alikuwa ananiuliza mimi pia kama Kavata amekataa kweli, na nilimwambia ndiyo, mama, amekataa. Ulinitia uongo wako mdomoni nikampelekea mtu anayekufa."

Nikamwambia aende zake kama anataka. Akajibu kwamba haendi, na nisidhani kubaki kwake ni kunisamehe. Akaketi. Hakuinuka hadi wakati wa wageni kuondoka.

Saa kumi na moja. Bado.

Jumanne, 13 Januari

Saa tisa na dakika ishirini mchana wameleta mfuko.

Kumbe jana alasiri alirudi, akadungwa sindano iliyochelewa, na leo alifika saa moja asubuhi ghorofa ya chini. Alikaa kwenye mashine saa nne na nusu, sindano mkono huu na huu. Hakutaka nipewe habari. Muuguzi anasema aliomba maji mara moja tu. Alipomaliza alifungwa plasta, akavaa viatu, akashuka kwa ngazi badala ya lifti. Haroun alikuwa anamngoja langoni.

Mfuko ni mdogo, rangi yake kama mchuzi wa nyanya uliotiwa maji. Waliutundika mahali pa zile dripu nyingine. Uliingia kwa dakika arobaini na tano. Gedion alisimama upande wa pili wa kitanda mikono nyuma. Sikuhisi chochote mwilini. Nilitazama mpaka tone la mwisho kwa sababu sikuweza kumtazama Gedion.

Jumamosi, 17 Januari

Kinywa kimechubuka chote. Sili. Chembe nyeupe: 0.1.

Jumanne, 20 Januari

0.0. Mate hayamezeki. Gedion anayafuta. Haongei.

Alhamisi, 22 Januari

0.0. Morfini. Niliota nasahihisha madaftari na kila ukurasa ni mtupu.

Jumapili, 25 Januari

0.0. Nimemuuliza daktari kama mwili wa mtu unaweza kukataliwa na seli kwa sababu ya alivyo. Alidhani nauliza swali la sayansi akanijibu la sayansi.

Jumatano, 28 Januari

0.3.

Ijumaa, 30 Januari

0.8. Daktari Kaluki aliniletea karatasi mwenyewe. Hizi si zangu, akasema, zangu zilikufa. Hizi ni za dada yangu, zimeshika. Aliuliza kama amjulishe au nitamwambia mwenyewe. Nikamwomba amjulishe yeye.

Ndululu ameng'oa ndengu zote na kuzipiga. Amesema mwaka huu zimejaa vizuri, hasa upande ule uliopaliliwa mapema.

Jumatatu, 9 Februari

Wamenitoa wodini, lakini siruhusiwi kurudi Matiliku kabla ya siku mia. Tumepanga chumba karibu na hospitali. Gedion anachemsha kila kitu. Jana alinieleza habari ya jirani aliyeanguka na baiskeli, sentensi nne nzima. Nilizihesabu.

Kanisa limetuma salamu za ushindi. Kalekye ameandika kwamba Bwana amejibu. Nimeandika kwamba aliyejibu anaitwa Nasreen na anakaa Kwa Vonza. Sijatuma. Kisha nikatuma.

Nimempigia Kavata mara mbili. Inaita hadi inakatika.

Jumatano, 11 Februari

Leo Kavata alishika simu. Ilikuwa saa kumi jioni, jua liko kwenye ukuta wa mbele. Hakunisalimia. Alisema daktari amemwambia seli zimeshika, na kwamba anafurahi, na alilisema hilo neno kama mtu anayeshuka ngazi mbovu.

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga wiki mbili, mimi mtu wa maneno. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Hilo kaa nalo kwanza," akasema. "Sijalihitaji."

Nikamuuliza anahitaji nini.

"Zile siku tatu. Nazitaka zote. Alisema nini, alikula nini, alivaa nguo gani, ni nani alikuwa chumbani. Mahali panapokuaibisha usiruke."

"Halafu?"

"Halafu nitakata simu. Ya kesho sijui."

Gedion alikuwa ameinuka ili atupishe. Nikamwomba asitoke, kwa sababu naye alikuwepo, na nikisahau au nikidanganya atanisahihisha. Alivuta kile kiti chetu kimoja akaketi mbele yangu, viwiko magotini. Niliweka simu kwenye spika.

Nilianza na Jumanne. Nikamwambia mama aliamka kabla hakujapambazuka vizuri, amevaa ile sweta ya kijani iliyokatika kifungo, na nilipomletea uji hakuutaka. Kulikuwa na mvua. Aliisikiliza kwenye mabati kwa muda, halafu akaniuliza kama na kwa Kavata kumenyesha, kwa maana mwanzoni mwa mvua, mama akiweza bado kushika simu mwenyewe, Kavata alikuwa amempigia akasema ameshapanda.

Nilitazama simu, nikidhani imekatika.

"Ulimjibu nini?" Kavata akauliza.

"Nilimjibu sijui."

Gedion aliitikia kwa kichwa. Ndivyo ilivyokuwa.

"Endelea," akasema Kavata.